LAKABU ZA VIOLEZO: OMBI LA WATUNGA PROGRAMU NA FUNZO LAKE KWA KISWAHILI CHA KOLWEZI

1.0 Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza dhana moja ya sayansi ya kompyuta, yaani lakabu ya kiolezo, kwa lugha ya Kiswahili na kwa mifano inayofahamika na wakazi wa Kolwezi na ukanda wa shaba wa Lualaba. Dhana hiyo haikuwamo katika sanifu ya kwanza ya lugha ya kompyuta iitwayo C++, iliyotolewa mwaka 1998. Watumiaji waliiomba kwa miaka mingi, na hatimaye ikaingizwa katika sanifu ya mwaka 2011.

Ziko sababu mbili za kuijadili dhana hii katika jarida la taaluma za Kiswahili. Kwanza, mwanafunzi wa kompyuta katika vyuo vya Lualaba hufundishwa kwa Kifaransa, husoma amri ambazo maneno yake yametokana na Kiingereza, kisha hujadiliana na wenzake kwa Kiswahili. Dhana inayopita katika lugha tatu kabla ya kueleweka huweza kupoteza kitu njiani, na kosa hilo huonekana baadaye katika kazi ya mwanafunzi. Pili, swali lililowakabili waombaji wa kipengele hicho, yaani ama kukiongeza katika chombo kimoja ama kusubiri kikubaliwe na wote, linakikabili pia Kiswahili cha Katanga, hasa baada ya Kongo kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022.

Yafaa istilahi mbili zifafanuliwe mapema. Kompaila ni programu inayosoma maandishi ya mtunga programu na kuyageuza kuwa amri zinazoweza kutekelezwa na mashine. Aina ni kundi la thamani pamoja na matendo yanayoruhusiwa juu ya thamani hizo. Mwanaisimu anaweza kuilinganisha aina na ngeli: ngeli huamua ni viambishi gani vinavyopatana na nomino, na aina huamua ni matendo gani yanayopatana na thamani. Msemaji hukataa sentensi "kitabu kidogo amelala". Vivyo hivyo, kompaila hukataa kuzidisha jina la mtu kwa saba.

2.0 Lakabu ya kawaida na kitu kipya

Mwaka 1971 jimbo la Katanga lilibadilishwa jina likaitwa Shaba, na mwaka 1997 likarudishiwa jina lake la awali. Katika mabadiliko hayo mawili jina ndilo lililohama, na jimbo likabaki lilelile. Ndivyo ilivyokuwa pia mwaka 1966, Élisabethville ilipoitwa Lubumbashi na Jadotville ikaitwa Likasi. Anayesoma barua ya zamani iliyoandikwa Jadotville na anayesoma barua ya leo iliyotoka Likasi wanazungumzia mji mmoja.

Jambo la mwaka 2015 lilikuwa tofauti. Katanga iligawanywa kuwa majimbo manne, yaani Haut-Katanga, Haut-Lomami, Tanganyika na Lualaba, na Kolwezi ikawa makao makuu ya Lualaba. Lualaba si jina jingine la Katanga. Ni kitu kipya kilichotokana na kitu cha awali, chenye mipaka, bajeti na serikali yake.

Tofauti hii ndiyo msingi wa mjadala wote unaofuata. Katika C++, lakabu huundwa kwa neno "typedef":

    typedef double Tani;

Mstari huu unasema kwamba Tani ni jina jingine la aina "double", ambayo ni aina ya namba zenye desimali. Kompaila haioni vitu viwili. Inaona kitu kimoja chenye majina mawili, kama Shaba na Katanga. Faida yake ni kwamba msomaji hujua namba hiyo inapima nini. Mpaka wake nao ni wazi: iwapo Faranga nayo ni lakabu ya "double", kompaila haitamzuia mtu kujumlisha tani na faranga. Anayetaka kizuizi hicho hana budi kuunda aina mpya.

3.0 Kiolezo na nafasi yake

Kiolezo ni mfano unaofuatwa katika kutengeneza vitu vingi vya namna moja. Katika C++, kiolezo ni maelezo ya aina yenye nafasi iliyoachwa wazi. Nafasi hiyo ikijazwa, aina kamili hupatikana. Orodha ni kiolezo. Orodha ya namba na orodha ya majina ni aina mbili zilizotokana nacho.

Lugha ya watu inavyo violezo vingi. Nchini Kongo, kimoja kinajulikana na kila mwanafunzi. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, UNAZA, kilichoundwa mwaka 1971, kiligawanywa mwaka 1981 kuwa vyuo vikuu vitatu vya Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani. Vyuo hivyo viliitwa UNIKIN, UNILU na UNIKIS. Baadaye Chuo Kikuu cha Kolwezi nacho kikaitwa UNIKOL. Hakuna aliyehitaji kueleza maana ya jina hilo jipya, kwa kuwa kanuni ilikwisha kujulikana: UNI, ikifuatwa na mwanzo wa jina la mji, ni jina fupi la Chuo Kikuu cha mji huo.

Tazama kwamba kanuni hii si lakabu moja. UNILU peke yake ni lakabu ya kawaida, sawa na Tani. Lakini UNI yenye nafasi wazi ni mashine ya kuzalisha lakabu: ukiipa mji, inakupa jina fupi la kitu ambacho tayari kina jina refu. Hiyo ndiyo lakabu ya kiolezo.

Jambo la pili la kutazama ni kwamba njia ya kurudi imehifadhiwa. Kama herufi mbili tu zingechukuliwa, kama ilivyofanywa kwa Lubumbashi, Kinshasa na Kisangani zote zingetoa UNIKI, na msikilizaji asingejua ni mji gani uliotajwa. Herufi ya tatu iliongezwa ili kutokana na jina fupi mtu aweze kuurudia mji. Sifa hii itahitajika tena katika sehemu ya tano.

4.0 Tatizo la sanifu ya 1998

Chukuliwe mfano wa kubuni wa programu ya kutunza hesabu za madini. Mtunga programu anaunda kiolezo cha daftari chenye nafasi mbili, moja ya madini na nyingine ya mgodi:

    template <class Madini, class Mgodi> class Daftari;

Kutokana nacho zinapatikana aina kama Daftari<Shaba, Kamoto>, Daftari<Kobalti, Mutanda> na kadhalika. Ofisi iliyoko Kamoto haina haja ya kutaja mgodi kila mara, kwa kuwa kazi yake yote ni ya mgodi huo. Inachotaka ni jina fupi lenye nafasi moja tu, ya madini, huku nafasi ya mgodi ikiwa imekwisha kujazwa.

Chini ya sanifu ya 1998, jambo hilo halikuwezekana. "typedef" ilikubali aina kamili tu, isiyo na nafasi iliyo wazi. Mtu aliweza kuandika lakabu ya daftari la shaba la Kamoto, kisha nyingine ya daftari la kobalti la Kamoto, moja baada ya nyingine, kama vile kila chuo kikuu kingelazimika kuombewa jina fupi peke yake bila ya kanuni. Waliojaribu kuandika "template" mbele ya "typedef" walijibiwa na kompaila kwamba wamefanya kosa.

5.0 Njia za kuzunguka na gharama zake

Watunga programu walibuni njia tatu za kulizunguka tatizo hili.

Njia ya kwanza ilikuwa ubadilishaji wa maandishi kabla kompaila haijaanza kuchambua. Njia hii hubadilisha herufi kwa herufi bila ya kujua maana wala mipaka ya majina. Jina lililowekwa kwa namna hiyo huvamia kila mahali ndani ya faili, hata pale ambapo mwandishi mwingine alilitumia kwa maana yake.

Njia ya pili ilikuwa kuunda aina mpya inayorithi kutoka Daftari<Madini, Kamoto>. Njia hii inafanana na tukio la mwaka 2015 na si la mwaka 1971. Kilichopatikana ni kitu kipya, si jina jipya. Katika sanifu ya 1998 aina iliyorithi haikupata vijenzi vya mzazi wake, hivyo ilibidi viandikwe upya kimoja kimoja. Aidha, mahali palipodai daftari la asili palikubali mrithi, lakini mahali palipodai mrithi hapakukubali daftari la asili.

Njia ya tatu, iliyotumiwa zaidi, ilikuwa kuificha lakabu ndani ya kiolezo kingine:

    template <class Madini> struct LaKamoto {
        typedef Daftari<Madini, Kamoto> aina;
    };

Baada ya hapo mtu aliandika LaKamoto<Shaba>::aina. Hii ilikuwa lakabu ya kweli, na hakuna kitu kipya kilichoundwa. Hata maktaba sanifu ya 1998 ilitumia mzunguko huo katika sehemu zake za kugawa kumbukumbu ya mashine, kwa muundo ulioitwa "rebind". Gharama zake, hata hivyo, zilikuwa mbili.

Gharama ya kwanza ni ya maandishi. Ndani ya kiolezo kingine, kompaila haiwezi kujua mapema kama "aina" ni jina la aina au ni jina la thamani. Hivyo mwandishi alilazimika kutanguliza neno "typename", na aliyelisahau alipata ujumbe wa kosa ambao mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hawezi kuuelewa.

Gharama ya pili ni ya kimantiki, nayo ni kubwa zaidi. Tuseme pana funksheni inayopokea daftari lolote la Kamoto na kujumlisha tani zake. Mtumiaji anapenda kuipa daftari alilo nalo, na kompaila ijitambulie yenyewe kwamba madini yanayohusika ni kobalti. Kwa njia ya tatu, kompaila hukataa. Kiolezo cha LaKamoto kinaweza kupewa maana maalumu kwa madini fulani, hivyo madini mawili tofauti yanaweza kutoa aina moja. Aliyepewa jibu hawezi kulijua swali. Hapa ndipo linapoonekana kosa la UNIKI: njia ya kurudi imekatika.

6.0 Ombi na jibu lake

Ombi rasmi liliwasilishwa mbele ya kamati ya sanifu ya C++. Mwaka 2002 Herb Sutter aliandika pendekezo la kuziruhusu lakabu za violezo. Mwaka 2003 Gabriel Dos Reis na Bjarne Stroustrup, ambaye ndiye muasisi wa lugha hiyo, waliandika pendekezo jingine juu ya jambo hilohilo, na toleo lao la mwaka 2007 likawa msingi wa kilichokubaliwa.

Mgongano mkuu ulihusu swali moja: je, lakabu ya kiolezo iruhusiwe kupewa maana maalumu kwa baadhi ya vijazo? Kiswahili kinatoa mfano ulio wazi. Mtoto wa simba ni mwanasimba, na mtoto wa mbwa ni mwanambwa. Hiyo ni kanuni yenye nafasi wazi. Lakini mtoto wa ng'ombe ni ndama, na mtoto wa kuku ni kifaranga. Hizo ni maana maalumu zinazoivunja kanuni mahali pake. Kuziruhusu kunaipa lugha uwezo mkubwa, lakini kunaondoa uwezo wa kumtambua mzazi kwa kulitazama umbo la neno tu. Katika neno "mwanasimba" simba anaonekana. Katika neno "ndama" ng'ombe haonekani.

Kamati ilichagua njia ya kanuni bila ya maana maalumu. Lakabu ya kiolezo ni jina jingine tu, nayo hufumuliwa na kompaila kabla ya uchambuzi kuendelea. Umbo lililokubaliwa ni hili:

    template <class Madini>
    using DaftariLaKamoto = Daftari<Madini, Kamoto>;

Sasa DaftariLaKamoto<Kobalti> ni Daftari<Kobalti, Kamoto> bila ya tofauti yoyote. Neno "typename" halihitajiki, na funksheni iliyotajwa hapo juu huyatambua madini yenyewe. Neno "using" lilipendelewa badala ya "typedef" kwa kuwa huliweka jina jipya upande wa kushoto na maelezo yake upande wa kulia, kama kidahizo kinavyotangulia fasili katika kamusi. Anayehitaji maana maalumu bado anaweza kuiweka katika kiolezo cha ndani, kisha akakipa lakabu.

Sanifu ilitoka mwaka 2011. Clang ilikikubali kipengele hiki katika toleo la 3.0 la mwaka huohuo, GCC katika toleo la 4.7 la mwaka 2012, na kompaila ya Microsoft katika toleo la 2013. Sanifu iliyofuata, ya mwaka 2014, ilitumia uwezo huo kuzipa lakabu fupi sehemu nyingi za maktaba yenyewe, na hivyo kuwapunguzia watumiaji mzigo wa "typename" na "type" ambao walikuwa wameuzoea.

7.0 Nyongeza au sanifu?

Katika miaka ile 13 ya kusubiri, mtumiaji aliweza kumwomba mtengenezaji wa kompaila yake aongeze kipengele hicho peke yake bila ya kuingoja kamati. Maombi ya namna hiyo huitwa maombi ya nyongeza, nayo si jambo geni. GCC ilikuwa na nyongeza iitwayo "typeof", inayoiuliza kompaila aina ya usemi fulani. Wengi waliitumia na ikawafaa. Lakini sanifu ya 2011 ilipotoka ilileta neno jingine, "decltype", lenye kanuni zisizolingana kabisa na zile za "typeof". Aliyejenga kazi yake juu ya nyongeza alilazimika kuchagua: kubaki na kompaila zinazoikubali nyongeza hiyo, au kuandika upya. Kwa hiyo nyongeza ina faida ya upesi na ina deni linalolipwa baadaye. Faida nyingine ni kwamba huonyesha kwa vitendo kuwa haja ipo, na kamati hupata ushahidi badala ya maneno matupu.

Hali hii inafanana na ile ya Kiswahili cha Katanga. Lugha hii ilienea katika kambi za Union Minière, ambako wafanyakazi waliotoka Kasai, Rwanda, Burundi na Rhodesia ya Kaskazini walikutana na wenyeji wasemao Kisanga, Kilunda na Kiluba. Edgar Polomé aliichambua mwaka 1968, na Johannes Fabian akachunguza historia yake katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu lugha na mamlaka ya kikoloni. Miongoni mwa sifa zake ni kiambishi cha udogo ka-, ambacho wingi wake ni tu-. Msemaji wa Kolwezi ana mutoto na batoto, tena ana katoto na tutoto. Ana nyumba, tena ana kanyumba na tunyumba.

Kiambishi hiki si kosa lililozuka migodini. Kiluba na Kibemba vinacho, na wasemaji wa bara la Kenya nao hukitumia. Ni kiolezo chenye nafasi wazi, kinachokubali karibu kila nomino, na njia yake ya kurudi imehifadhiwa, kwa kuwa shina hubaki likionekana. Sanifu iliyojengwa juu ya Kiunguja baada ya Kamati ya Lugha kuundwa mwaka 1930 haikukipa nafasi kamili katika ngeli zake, bali ilikiachia ki- na vi- kazi ya udogo. Kwa lugha ya watunga programu, ka- ni nyongeza: inafanya kazi katika kompaila moja, na hutiliwa shaka katika nyingine. Mwanafunzi wa Kolwezi anayeandika "tunyumba" katika mtihani unaosahihishwa kwa kipimo cha Dar es Salaam hupoteza alama kwa sentensi ambayo nyumbani kwake haina kosa.

Ulinganisho huu una mpaka, nao hauna budi kutajwa. Neno "katoto" huleta upatanisho wake, kwa kuwa husemwa "katoto kamoja" na si "katoto mmoja". Kwa hiyo ka- huunda aina mpya kutokana na ile ya awali, na si lakabu tupu. Iko karibu zaidi na kurithi kuliko na "using". Mfano wa lakabu halisi unabaki kuwa UNIKOL, ambayo haibadilishi chochote katika kitu kinachotajwa.

8.0 Hitimisho

Ombi la lakabu za violezo lilifaulu kwa sababu waombaji walifanya mambo matatu. Walionyesha njia za kuzunguka na gharama ya kila moja. Walitenganisha jina jipya na kitu kipya. Na waliipa kamati kanuni moja iliyo wazi, inayohifadhi njia ya kurudi, badala ya rundo la maneno ya kukubaliwa moja moja.

Funzo hilo lina manufaa ya namna mbili katika vyuo vya Lualaba. Katika ufundishaji wa kompyuta, maneno "lakabu", "kiolezo" na "aina" tayari yamo katika Kiswahili sanifu, na hayahitaji nyongeza yoyote. Yanahitaji kutumiwa darasani sambamba na Kifaransa. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa programu ya Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulikwisha kuonyesha kwamba kazi ya istilahi za kompyuta kwa Kiswahili inawezekana. Pale ambapo neno halipo, kama vile kompaila, utohozi unatosha.

Katika isimu, watafiti wa Kiswahili cha Katanga wanaweza kuliwasilisha suala la ka- na tu- mbele ya vyombo vya usanifishaji kama pendekezo lenye kanuni, likieleza matumizi, upatanisho na mipaka ya kiambishi hicho, pamoja na ushahidi wa kuenea kwake nje ya Kongo. Lugha za jirani zenye kiambishi hicho na mazoea ya wasemaji wa bara la Kenya ni ushahidi ambao tayari upo. Kinachosalia ni kuuandika katika umbo ambalo kamati inaweza kulijadili na kulipigia kura.